Kumzoesha kuku mwoga mpaka ale mkononi

Kuku wa kienyeji anayeuzwa soko la Mgandini, Tanga, mara nyingi amefika sokoni ndani ya tenga, au amefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli. Mkono wa mtu anaujua kwa hilo tu. Ukimfungulia uani siku hiyohiyo ataruka ukuta, na jioni watoto wa mtaa mzima watakuwa wanamkimbiza. Utaratibu ufuatao unawafaa kuku wachache wa nyumbani, tuseme 3 hadi 10.

Andaa kopo tupu la bati, mtama au chenga za mahindi, dagaa wakavu, na kigoda. Kibao cha mbuzi ya nazi kinatosha.

Hatua ya 1: Mfungie bandani

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kweli wengi huwafunga. Kamba humzuia asipotee, lakini kila akikurupuka inamvuta, anaanguka, na mguu unachubuka. Afadhali akae bandani siku 7, apate maji, fito ya kulalia na kona ya kujificha. Kuku asiye na pa kujificha hatulii. Kama una kuku wengine, mtenge mbali nao wiki 2, maana kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua upesi, huingia nyumbani na kuku mgeni.

Hatua ya 2: Kopo

Saa 12 na nusu asubuhi na saa 10 na nusu jioni, tikisa kopo lenye punje, mwaga konzi moja mlangoni, kisha ondoka. Sauti itangulie, chakula kifuate, kila siku hivyo hivyo. Usijaribu mchana: kwa joto la Tanga kuku wanahema midomo wazi na hawana hamu ya kula. Chakula kisikae bandani kutwa, kwani aliyeshiba hana haja nawe. Maji yasikatwe kamwe.

Hatua ya 3: Kaa chini

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kuku, kitu kinachomwinamia kutoka juu ni mwewe. Kaa kwenye kigoda, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, mikono itulie magotini. Rusha punje umbali wa mita 2. Siku inayofuata punguza nusu hatua, lakini pale tu wanapokula bila kuinua vichwa kila mara.

Shingo ikinyooka, manyoya yakibana mwilini na akaanza kulia kwa kukatakata, umesogea mno. Rudisha umbali wa jana. Akichakura, akijisafisha manyoya kwa mdomo, au bora zaidi akioga vumbi mbele yako, amekukubali.

Hatua ya 4: Kiganja

Weka kiganja wazi chini ardhini chenye vipande vya dagaa. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza, chumvi nyingi humdhuru kuku. Vua pete, kinachong'aa hudonolewa. Donoo la kwanza huja kali na la haraka. Ukishtuka wewe, naye anashtuka, na mnaanza upya. Machicha ya nazi wanayapenda pia, ila yawe ya muda huohuo kwa kuwa huchacha upesi.

Chambo kisicho na mpinzani ni mchwa. Jaza majani makavu na samadi kwenye chungu kibovu, lowesha kidogo, kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi utawakuta. Vitamu hivi vyote visizidi sehemu 1 kati ya 10 ya chakula cha siku.

Hatua ya 5: Kumshika

Anza usiku, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani. Pitisha kiganja chini ya kifua, miguu ikae katikati ya vidole, mkono wa pili ufunike mabawa, umbane ubavuni pako. Hesabu mpaka 10, mrudishe kwenye fito. Kuku aliyegeuzwa chali akanyamaza hajatulia, ameganda kwa hofu.

Faida utaiona siku ya chanjo ya kideri ya I-2, ambayo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Baada ya tone mpe dagaa papo hapo.

Yanayokwamisha

Kumkimbiza mara moja tu kunafuta kazi ya siku nyingi, kwa hiyo zungumza na watoto mapema. Kunguru nao hujifunza sauti ya kopo, hivyo lishia chini ya paa au wavu, hasa penye vifaranga. Tetea mbabe akiwafukuza wanyonge, mrushie konzi yake pembeni. Anayelea vifaranga mwache mpaka awaachishe.

Jogoo usimzoeshe kula mkononi, na kuchi, mbegu ya kuku wa kupigana, ndiyo kabisa. Jogoo asiyekuogopa mara nyingi huanza kukurukia na kukuchoma kwa kipi.

Kuku mchanga huzoea ndani ya wiki 2 au 3. Aliyekulia porini huweza kuchukua miezi 2, na wengine huishia kukaribia tu. Lakini kuku mwoga aliyeacha kukimbia ghafla, mabawa yameshuka na kinyesi ni cha kijani, anaumwa. Mtenge saa hiyohiyo na umwite afisa mifugo wa kata.