SOMO: Kuandaa gari la kulala porini, kwa sisi tunaoanzia safari Mwanza

Habari zenu wakuu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano: "Kaka, nianze na nini ili gari langu liweze kwenda porini siku tatu?" Kila anayeuliza namjibu kipande, mwishowe kila mtu anaondoka na nusu ya maelezo. Nimeamua kuyaweka yote hapa. Yale ambayo kila mwenye gari anayajua nitayapita haraka. Hatua ya 4 naomba uisome mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokaribia kuniunguzia gari nikiwa na familia ndani.

Gari langu ni Land Cruiser mkonga ya dizeli, ya zamani. Njia zangu ni mbili: Magu, Lamadi hadi lango la Ndabaka kuingia Serengeti, na upande wa pili Sengerema, Geita hadi Chato, ambako tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko. Mengi ya haya yanafaa pia kwa Prado, Hilux na Escudo.

Hatua ya 1: Gari liwe zima kwanza. Breki, mikanda, mipira ya rejeta, bushi, shokapu. Kama hela ni ya bushi au hema, nunua bushi.

Hatua ya 2: Tairi. Beba spea nzima, mbili ukiweza. Nunua kipimo cha upepo na pampu ya kuunganisha kwenye betri. Mimi kwenye lami natembea na psi 36, kwenye vumbi lenye mawimbi nashusha hadi 28, kwenye mchanga 18. Ukishusha upepo shusha na mwendo, maana tairi laini likikimbizwa linachemka na kupasuka. Ukirudi kwenye lami, jaza kwanza.

Hatua ya 3: Uzito. Lita 20 za maji ni kilo 20. Lita 20 za dizeli ni kilo 17 hivi. Hema la kufunga juu ya gari linafika kilo 60, na spea ya mkonga kilo 30 na zaidi. Ukipandisha vyote kwenye keria, gari linalala kwenye kona kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Kitabu cha gari kinasema paa linabeba kilo ngapi, kisome. Vizito vikae chini, katikati ya ekseli mbili. Juu pabaki hema, magodoro na turubai.

Hatua ya 4: Umeme. Lengo ni kwamba friji, taa na chaji za simu zitumie betri ya pili, ya nyuma, ili asubuhi betri ya mbele iwashe gari. Friji ndogo ya volti 12 ikiwa inafanya kazi inakula ampia 4 hivi. Kwa joto letu hesabu kwamba itafanya kazi karibu asilimia 40 ya muda, hivyo kwa siku nzima inameza kama Ah (ampia-saa) 38. Betri ya risasi ya Ah 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja na robo bila kuwasha gari. Nunua mita ndogo ya volti: betri ikiwa imetulia, 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Ikifika hapo zima friji.

Unachohitaji ni betri kavu (betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ndani ya gari ni mlipuko unaosubiri cheche), rilei (swichi inayojiwasha yenyewe) ya kutenganisha betri mbili au chaja ya DC-DC (kifaa kinachoichaji betri ya pili kwa kipimo, gari likiwaka), waya wa shaba wa milimita mraba 16 usiopungua, na fyuzi MBILI.

Sasa nieleze kwa nini mbili. Mara ya kwanza nilivuta waya mwenyewe, kutoka betri ya mbele hadi nyuma ya kiti cha abiria, mita tano hivi. Nikaweka fyuzi moja ya ampia 60, mbele. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani ya gari sikuweka mpira, niliuzungushia utepe mweusi wa umeme nikaona inatosha. Miezi minne baadaye tunarudi kutoka Ndabaka, jioni, tumeshaipita Lamadi, binti yangu akasema kuna harufu kama ya sahani ya plastiki iliyowekwa jikoni. Nikasimama. Moshi mwembamba mweupe ulikuwa unapanda kutoka chini ya zulia, nyuma ya kiti changu.

Nilizima gari, mama watoto akawatoa wanawe akavuka nao barabara. Nikafungua boneti: fyuzi imekatika, imefanya kazi yake. Nikadhani yameisha. Moshi ukazidi. Ndipo nikaelewa kwamba betri ya nyuma ilikuwa inasukuma umeme kwenye waya uleule kutoka upande wa pili, na upande ule hapakuwa na fyuzi yoyote. Kufungua kichwa cha betri kulihitaji spana namba 10, na spana ilikuwa chini ya mizigo yote. Nilitupa mabegi, jiko na madumu barabarani mpaka nikaifikia. Nilipouvuta waya ule, ganda lilikuwa limeyeyuka urefu wa mita nzima, shaba iko tupu, na zulia limetoboka hadi kwenye bati. Tulikuwa na dizeli lita 40 kwenye madumu.

Kwa hiyo:

– Waya unaounganisha betri mbili una vyanzo viwili vya umeme. Kila betri iwe na fyuzi yake, umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kichwa chake. Hili halina mjadala.
– Fyuzi inalinda waya. Kwa waya wa 16 weka 60. Ikikatika usiongeze namba, tafuta kinachoikata.
– Kila tundu la bati liwe na mpira. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, ufungwe kila sentimita 30 usicheze. Utepe si mpira.
– Betri ya nyuma ifungwe kwa mkanda wa chuma na bolti.
– Spana namba 10 ifunge kwa kamba kwenye betri yenyewe. Yangu ipo pale mpaka leo.
– Mtungi wa kuzima moto ukae mahali unapoufikia ukiwa umeketi kwenye usukani.

Hatua ya 5: Maji. Lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika tu. Ziwa lisikudanganye: kwenye maji yaliyotulia yenye matete kuna kichocho, usiogee humo. Ya kunywa chemsha.

Hatua ya 6: Kujinasua. Chepe, panga, kamba ya kuvutia, mbao ngumu ya kuwekea jeki. Ule udongo mweusi wa mbuga, kuanzia Magu mpaka Ndabaka, ukilowa unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa duara laini, na winchi haikusaidii pasipo na mti. Mvua ikinyesha, subiri jua. Kamba usiifunge kamwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, kinaweza kukatika na kuruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba.

Hatua ya 7: Jiko na malazi. Gesi ya kilo 6 inatosha. Mablanketi na magodoro mepesi nunua soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Ukiwa ndani ya Serengeti unalala kwenye kambi iliyotengwa tu, huachi barabara, huendeshi usiku.

Maswali karibu.

---

Kijana wa Igoma: Mkuu somo zuri. Fyuzi naweka ya ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana wa Igoma: Nimeona. Je, kwa waya wa 10 naweza kuweka hiyohiyo 60? Ndio nilionao.

Mwandishi: Hapana. Waya ukiwa mwembamba, fyuzi nayo inashuka. Kwa wa 10 usizidi 40, na hiyo ni kwa waya wa shaba kweli. Kwangua ncha uangalie: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Huo usiutumie kabisa.

Fundi Umeme Kisesa: Nafanya umeme wa magari mwaka wa 15 sasa. Fyuzi moja inatosha, magari mangapi nimefunga na yanatembea. Unatisha watu bure.

Mwandishi: Fundi, nakuheshimu kwa kazi yako. Lakini nijibu hili moja: waya ukigusa bodi katikati ya gari, fyuzi ya mbele ikakatika, nani anaikatia betri ya nyuma? Magari uliyofunga yanatembea kwa sababu waya bado haujagusa bodi. Wangu nao ulitembea miezi minne. Fyuzi na kishikio chake haifiki bei ya tangi moja la mafuta, siwezi kumwambia mtu aiache.

Fundi Umeme Kisesa: Hapo kwenye kukatia betri ya nyuma nimekupata. Ila wengi hawataki kulipia.

Mwandishi: Basi waoneshe picha ya zulia langu, nitakutumia.

Dada wa Pasiansi: Shikamoo kaka. Nina Prado. Fundi aliniwekea waya wa milimita 6 na friji inazima saa nane za usiku, ingawa tunakuwa tumeendesha kutwa. Naomba unieleweshe, unene wa waya unahusianaje na betri kutojaa?

Mwandishi: Marahaba dada. Hapo umeuliza swali lenyewe. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa ohmu 0.0175 kwa kila mita. Umbali wako ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa waya wa 6: 0.0175 mara 10, gawa kwa 6, unapata karibu 0.03. Betri ikivuta ampia 30, zidisha: volti 0.9 zimepotelea njiani. Altaneta inatoa 14.2, nyuma inafika 13.3. Kwa volti hizo betri inajaa polepole mno, ukifika kambini iko nusu. Kwa waya wa 16, hesabu hiyohiyo inakupa upotevu wa 0.33. Weka fyuzi zako mbili, kisha upime mbele na nyuma gari likiwa linawaka, uniletee namba.

Mzee wa Magu: Kijana, mimi friji sinunui. Nanunua barafu soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, naijaza kwenye boksi la kuhifadhia samaki. Siku mbili nyama iko salama.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hiyo ni njia nzuri sana kwa safari ya siku mbili, na inaondoa Hatua ya 4 karibu yote. Barafu ya bonge inakaa kuliko iliyosagwa. Na boksi usilifungue kila saa.

Mzee wa Magu: Marahaba. Na ubebe michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Haiozi, haihitaji barafu, unachemsha na karanga watoto wanashiba.

Mussa4x4: Betri ya lithiamu naweza kuichomeka moja kwa moja kwenye rilei? Nimepewa ofa nzuri.

Mwandishi: Usifanye hivyo. Lithiamu inapokuwa tupu inavuta umeme mwingi kwa pupa, altaneta inachemka mpaka inaungua. Inataka chaja ya DC-DC inayopunguza huo mvuto, na iwe na mpangilio wa lithiamu.

Mussa4x4: Lakini jamaa yangu ameweka moja kwa moja na haina shida.

Mwandishi: Nimekujibu.

Mama Wawili, Nyegezi: Hema letu ni la bluu iliyokolea. Tulilala upande wa Grumeti, mbung'o walitutesa. Au ni bahati mbaya tu?

Mwandishi: Si bahati mbaya, dada. Mbung'o wanafuata bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tandaza turubai la rangi ya mchanga juu ya hema, na nguo zenu ziwe za kahawia au kijani iliyofifia. Dawa za kupaka haziwasumbui sana wale. Na mkilala karibu na maji, tafuteni kwanza nyayo za viboko: njia yao ya usiku inaonekana kama mfereji wa majani yaliyolala. Msifunge hema juu yake.

Kijana wa Igoma: Jumla inaweza kugharimu shilingi ngapi mkuu?

Mwandishi: Inategemea ulichonacho. Andika gari lako, watu wangapi na siku ngapi, tutahesabu pamoja.

Dada wa Pasiansi: Kaka nimerudi. Nimebadilisha waya kuwa wa 16, fyuzi mbili, mpira kwenye tundu. Gari likiwaka mbele inasoma 14.1, nyuma 13.2. Bado kuna tatizo?

Mwandishi: Bado, na tatizo si waya uliobadilisha. Friji iwe inafanya kazi, gari linawaka. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri ya mbele, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri ya nyuma. Inasoma ngapi?

Dada wa Pasiansi: 0.7.

Mwandishi: Basi umeme unapotelea kwenye ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Fundi amefunga waya hasi kwenye bolti juu ya rangi. Toa kwanza waya hasi kwenye betri ya nyuma, fungua hiyo bolti, kwangua rangi kwa msasa mpaka uone bati linang'aa, kisha funga kwa kutumia washa (ringi ya chuma) yenye meno.

Dada wa Pasiansi: Ni kweli, chini ya bolti kulikuwa na rangi na vumbi limeganda. Nimekwangua. Sasa nyuma inasoma 13.8!

Mwandishi: Hongera sana dada. Ipake grisi juu isipate kutu, na uikaze tena ukirudi kutoka safari ya kwanza ya vumbi.