SOMO: Waya wa umeme wa bei kali unaongeza ubora wa sauti? Jipimie mwenyewe kabla ya kutoa pesa

Wakuu, habari zenu. Kuna maduka siku hizi yanauza waya wa umeme wa amplifaya kwa bei ya spika nzima. Waya mnene kama kidole gumba, umevalishwa nailoni ya kusukwa, plagi inang'aa dhahabu, na muuzaji anakuapia kwamba besi itashuka chini na mwimbaji atasogea mbele. Msimamo wangu nautoa mapema: kama waya uliokuja na mashine ni mzima na unatosha mzigo wake, huo mpya hautaongeza kitu masikioni mwako. Ila umeme mbovu wa nyumbani unaharibu sauti kweli, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Anzeni na hatua ya kwanza, msiruke, maana wengi tatizo lao linaishia hapo.

Hatua ya 1: Sikiliza bila muziki

Washa amplifaya, usipige wimbo wowote, tega sikio kwenye spika. Ukisikia "sss" nyembamba, hiyo ni ya mashine yenyewe, achana nayo. Ukisikia mvumo mzito, "mmmm", huo unatoka kwenye umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mvumo huwa wa hezi 50 au 100.

Sasa zungusha volyumu. Mvumo ukipanda pamoja na volyumu, unaingilia kwenye waya za sauti zinazotoka kwenye TV, king'amuzi au laptop. Usipobadilika hata volyumu ikiwa sifuri, uko ndani ya amplifaya. Mara nyingi ni kapasita za pawa saplai zimechoka, mpelekee fundi.

Wenye king'amuzi, chomoeni waya wa dishi kwa nyuma. Mvumo ukikata papo hapo, mchawi kapatikana: vifaa vyako vina njia mbili tofauti za kwenda ethi (ule waya wa usalama unaoshuka ardhini), na ile tofauti ndogo ya volti kati yake inapita kwenye waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ikigoma, tafuta kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndani kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Kwa laptop, chomoa chaja itumie betri. Kelele ikiondoka, ni chaja.

Halafu wapo mafundi wanaokata waya wa ethi kwenye plagi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, ili mvumo uishe. Ni kweli unaisha. Lakini siku laini, yaani waya wenye umeme, ikigusa bodi ya chuma, volti 230 zitakaa pale juu zikisubiri mkono wa mtoto. Usikubali, hata akikuambia ndivyo wanavyofanya studio.

Hatua ya 2: Kagua plagi na soketi

Piga muziki kwa sauti kubwa muda wa saa moja, zima, chomoa, kisha gusa meno ya plagi. Yakiwa ya moto, au kuna weusi kwenye tundu, soketi imelegea, na mikwaruzo ya hapa na pale kwenye spika inaweza kutoka hapo. Zile ekstensheni za bei poa zenye matundu ya kupokea kila aina ya plagi ndizo zinazoongoza. Badilisha. Soketi ya ukutani mwachie fundi umeme, tena meni swichi ikiwa imezimwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu mita 1.5, kwenda na kurudi ni mita 3. Ukinzani wake ni kama omu 0.034. Amplifaya ikivuta ampea 2, volti zinazopotea njiani ni 0.07. Umeme wa mtaani jioni watu wakiwasha pasi unaweza kushuka volti 20 na hujawahi kusema mwimbaji karudi nyuma.

Tena tuseme umeshuka kutoka 230 hadi 200. Amplifaya ya transfoma ya kawaida inapoteza karibu robo ya nguvu yake ya juu kabisa, ambayo kwa sikio ni kama desibeli 1.2 tu. Sasa hiyo 0.07 itafanya nini? Na kumbuka umeme huo umepita nguzo kwa nguzo, ukaingia mita ya LUKU, ukapita waya wa kawaida ndani ya ukuta. Ukifika kwenye amplifaya unageuzwa kuwa DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, na kuchujwa na kapasita. Mita moja na nusu ya mwisho haiwezi kusafisha yaliyotokea huko nyuma.

Hatua ya 4: Jaribio la kutoona

Bado unabisha? Vizuri. Azima waya huo wa bei kali. Mwenzako abadilishe waya wewe ukiwa nje ya chumba, akirusha sarafu kuamua upi uwekwe. Wimbo uleule, volyumu isiguswe. Rudia mara 10, andika majibu. Kwa kubahatisha tu utapata karibu 5. Ukifikisha 9, uwezekano wa kubahatisha ni kama 1 kati ya 100, njoo hapa tuongee.

Hatua ya 5: Peleka pesa kwenye waya wa spika

Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 kwa mita 10 hadi spika ya omu 4 una ukinzani wa karibu omu 0.7. Huo unasikika. Weka wa 2.5, shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbeya: Mkuu, mimi nilibadilisha waya na sauti ikawa nzuri kweli, si mawazo.
Jibu: Sikubishii, kaka. Wa zamani ulikuwaje? Kama nyuzi zilikatika ndani au mdomo ulicheza, wowote mzima ungekupa matokeo hayo, hata wa kompyuta.

Mdau wa Kigoma: Natumia sola na inveta. Sabufa inanguruma balaa.
Jibu: Dada, hapo umeme una kesi. Inveta nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi, na transfoma inalalamika. Tafuta ya wimbi safi. Waya hautasaidia.

Mdau wa Tanga: Stebilaiza je?
Jibu: Nunua kwa ajili ya usalama wa mashine kama umeme wenu unayumba. Kwa utamu wa sauti, hapana.

Mdau wa Dar: Fyuzi ya plagi iliungua, fundi kazungushia karatasi ya sigara. Besi naona imeongezeka.
Jibu: Mkuu, chomoa sasa hivi. Nunua fyuzi, soma namba iliyoandikwa kwenye plagi.