Jinsi ya kuomba kikao kwenye Jukwaa la Utawala wa Intaneti Tanzania ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu mmoja wa korosho nilipita ofisi ya chama cha msingi cha ushirika wakati wa malipo. Ukutani palibandikwa orodha ya wakulima: jina, kilo, kiasi cha fedha na namba ya simu. Wiki hiyohiyo simu zikaanza kuita. "Mzee, malipo yako yamekwama, nitajie namba ya siri tuyafungue." Jirani yangu aliitaja, na hela ya msimu mzima ikaondoka.

Suala kama hilo lina pa kupelekwa: Jukwaa la Utawala wa Intaneti, mkutano wa kujadili jinsi intaneti inavyosimamiwa. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis mwaka 2005 ulikubaliana kwamba intaneti isimamiwe kwa pamoja na serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila upande kwa nafasi yake. Mwaka uliofuata jukwaa la Umoja wa Mataifa la utawala wa intaneti likakutana Athens kwa mara ya kwanza, na nchi nyingi zikaanzisha la kwao, Tanzania ikiwemo. Mei 2025 lile la Afrika lilifanyika Dar es Salaam. Majukwaa haya hayatungi sheria. Wanaotunga sheria, wenye minara na sisi watumiaji tunakaa humo chumba kimoja, na mtu wa Tandahimba au Nachingwea ana haki ya kiti sawa na wa Masaki.

Kabla ya kugusa fomu, geuza malalamiko yako yawe swali. "Matapeli wametuzidi" hapo halijawa swali. Jaribu hivi: "Mkulima akisajiliwa ili apate pembejeo, nani anawajibika kulinda namba yake ya simu na ya NIDA?" Swali hilo lina wenye kulijibu, na lina sheria nyuma yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lingine zuri kwa mikoa yetu: tangu msimu wa 2024/2025 mnada wa korosho unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, ilikatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Ikitokea siku ya mnada, itakuwaje?

Sasa tafuta watu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo maombi mengi yanapofia. Andiko langu la kwanza la kuomba kikao lilikuwa na wazungumzaji wanne, wote wa asasi moja. Halikupita, na lilistahili kutopita. Kamati ya jukwaa inayochagua vikao huangalia kama makundi yamechanganyika: serikali, biashara, asasi za kiraia, mafundi wa mitandao, wanataaluma. Kwa swali letu ningemtafuta ofisa ushirika wa wilaya, mtu wa kampuni ya simu, mhadhiri wa Stella Maris pale Mtwara, na mkulima mwenyewe, mwanamke ikiwezekana. Mkulima asiwe pambo, awe wa kwanza kuzungumza. Ofisa wa serikali mwandikie barua mapema, maana ruhusa yake hupita kwa mkurugenzi wa halmashauri na huchukua siku.

Mwito wa mada, yaani tangazo la jukwaa la kuomba vikao, ukitoka, isome fomu yote kabla ya kujaza. Fomu za namna hii hufanana: kichwa cha kikao, maelezo mafupi, wazungumzaji na kundi la kila mmoja, mwendesha mjadala, mwandishi wa taarifa, na jinsi walio mbali watakavyoshiriki kwa mtandao. Andika kwanza pembeni, kwenye daftari au faili la simu, ndipo unakili. Mtandao ukikata katikati hujapoteza kitu. Kila mzungumzaji awe amekubali kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Tuma siku mbili tatu kabla ya mwisho na hifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho.

Nauli uliza mapema kama kuna msaada. Kama hakuna, omba kushiriki kwa mtandao, ila mkulima wako mkalishe mahali penye mtandao wa uhakika na mfanye majaribio jana yake.

Kikao kikiisha, kazi bado. Andika taarifa ya kurasa mbili: swali, waliosema nini, mnachopendekeza. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) inapokaribisha maoni ya wadau kuhusu kanuni, peleka taarifa hiyo kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Kama kuna mtu ambaye taarifa zake zilivujishwa, malalamiko yake yaende kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala moja mpelekee karani wa chama, maana orodha ya msimu ujao ataibandika yeye.