Saileji ya mfukoni: chakula cha ng'ombe cha kiangazi kinaandaliwa masika

Wafugaji wenzangu wa ng'ombe wa maziwa, hasa huku Kilimanjaro na Arusha, kila ikifika Agosti tunaona pikapu zinapandisha mabua kutoka tambarare, bei imepanda, na mabua yenyewe makavu hayana nguvu, maziwa yanashuka mpaka huruma. Dawa yake ni saileji, yaani majani mabichi yaliyokatwakatwa na kuchachushwa bila hewa, na unaitengeneza mvua ikiwepo.

Piga hesabu kwanza. Ng'ombe mmoja ukimpa kilo 20 kwa siku, kwa siku 90 ni kilo 1,800, kwahiyo tenga kipande cha mahindi cha ng'ombe kabisa, usije ukabaki unagombania na ugali wa watoto.

Kata mahindi punje ikiwa laini kama unga uliokandwa, ukiiminya bado inatoa maziwa mepesi basi subiri kidogo. Unakata bua zima na muhindi wake, unakatakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, kwa chopa (mashine ya kukatakata majani) au hata panga. Kamata konzi ya majani hayo, kamua kwa nguvu halafu achia: maji yakichuruzika anika majani kwanza yanyauke, majani yakisambaratika palepale yamekauka mno, yakiachana taratibu na kiganja kina unyevunyevu hapo ndo penyewe. Ukitumia matete (majani ya tembo) ongeza molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikitengenezwa, lita 1 kwenye maji lita 2 au 3, nyunyizia, maana matete sukari yake ndogo, mahindi hayahitaji.

Sasa kushindilia, hapa ndo wengi wanaharibu. Tumia mfuko wa nailoni nzito, jaza kidogo, kanyaga, jaza tena, kanyaga, na zile kona usiziache kwasababu hewa ikibaki ndani inaoza yote. Funga kwa kamba, weka kivulini mbali na panya, ukiona tundu ziba siku hiyohiyo kwa selotepu.

Usifungue kabla ya mwezi. Ikiiva inanukia uchachu mtamu kama togwa, rangi ya kijani inayoelekea njano. Yenye ukungu tupa kabisa jamani, usiionee huruma, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa na watoto ndo wanaokunywa.

Anza na kidogo azoee, toa ya siku hiyo tu ufunge tena haraka, na mpe baada ya kukamua, la sivyo maziwa yatanuka saileji.