Kuboresha baiskeli ya kwanza ya mbio: kipi kianze, kipi kingoje

Baiskeli ya mbio ya daraja la kuanzia huwa imebanwa gharama pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Fremu ni nzuri, rangi inavutia, gia zinahesabika. Lakini ukiikagua unakuta matairi magumu na mazito, pedi za breki za kujazia tu, pedali za plastiki na siti iliyowekwa ili baiskeli isitoke dukani bila siti. Kwa bahati, hivyo vyote ni vitu ambavyo mtu hubadilisha nyumbani kwa zana chache.

Kosa la wengi ni kuanzia mwisho: wanakimbilia magurudumu ya kaboni au seti nzima ya gia. Utaratibu ninaoufuata ni kuanza na vinavyogusa mwili wako, kisha vinavyogusa barabara, kisha vinavyosukuma na kusimamisha baiskeli. Mengine yote yanaweza kungoja. Na badilisha kitu kimoja, uendeshe siku kadhaa, ndipo uje kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu siku moja hutajua ni kipi kilichokusaidia, wala kipi kilicholeta mlio mpya.

Zana za kuanzia: funguo za pembe sita za mm 4, 5 na 6, vijiti vya kutolea tairi, pampu ya kusimama yenye geji, grisi, na spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia. Hiyo ya mwisho watu huiona anasa mpaka siku boliti inapokatikia ndani ya usukani.

Hatua ya 1: Rekebisha mkao kabla ya kununua chochote

Maumivu mengi ya goti, mgongo na viganja hutokana na vipimo, na vipimo havinunuliwi. Anza na kimo cha siti. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja kikipanda juu mpaka kikugote, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mikono inayobeba pedali) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Mwenye sentimita 80 atapata takriban sentimita 70.6. Hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu. Hakikisha kwa njia ya kisigino: kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakuwa limekunjika kidogo, kama inavyotakiwa.

Ukitaka kubadilisha zaidi, sogeza mm 5 kwa mara moja. Usivuke alama ya mwisho iliyochongwa kwenye nguzo ya siti, maana ukiivuka nguzo inaweza kuvunja fremu.

Siti ilale sawa, tumia pima-maji. Kuinamisha pua chini ili kukwepa maumivu kunahamishia uzito wako kwenye viganja, na baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi.

Usukani ukiwa mbali au chini mno, una njia mbili za bure kabla ya kununua shingo fupi (shingo ni kipande kinachoushika usukani kwenye uma, ule unaobeba gurudumu la mbele): hamisha pete zilizo juu ya shingo ziende chini yake, au igeuze shingo juu chini ili ipande. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Boliti ya kifuniko cha juu haishikilii usukani, kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi za uma. Kwa hiyo legeza kwanza boliti za pembeni, panga pete, kaza ya juu taratibu mpaka mchezo uishe na usukani uzunguke bila kukwama, nyoosha shingo ilingane na gurudumu, ndipo ukaze za pembeni. Boliti nyingi za shingo huandikwa Nm 5 au 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Soma namba iliyochapwa kwenye ya kwako uifuate hiyo. Zile nne za mbele zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, nafasi ibaki sawa juu na chini.

Hatua ya 2: Siti na kaptura

Siti nzuri ni yenye upana unaolingana na mifupa yako ya kukalia. Ulaini hausaidii kama watu wanavyodhani, kwani siti laini mno huifanya mifupa izame, na nyama za katikati ndizo zinazobeba mzigo. Kalia kipande cha boksi la katoni kwenye kiti kigumu, vuta magoti juu kidogo, kisha pima umbali kati ya vishimo viwili vilivyobaki, katikati hadi katikati. Ongeza mm 20 hadi 30. Huo ndio upana wa siti wa kuanza kutafuta.

Kaptura ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani. Najua inaonekana ajabu, ila mishono ya chupi ndiyo inayochubua.

Hatua ya 3: Matairi

Kama una nafasi ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua matairi. Hakuna sehemu nyingine ya baiskeli inayobadilisha kwa pamoja kasi, starehe na usalama kwa gharama ndogo kiasi hicho. Tairi la bei ya chini lina mpira mgumu na kitambaa kizito kisichonyumbuka. Kila linapokunjika chini ya uzito wako linakula nguvu yako na kuigeuza joto.

Baiskeli nyingi za mbio hutumia rimu ya 622 (kipenyo kwa mm), ndiyo ile inayoitwa 700C. Kwenye tairi lililoandikwa 700x28C, namba ya pili ni upana. Zamani mm 23 ilikuwa kawaida, leo mm 28 ndiyo chaguo la wengi, na kwa haki: tairi pana linakubali upepo mdogo, linameza mitetemo, na kwenye lami chakavu haliko nyuma kwa kasi. Kabla ya kununua, kagua nafasi. Kati ya tairi na fremu, uma na breki ibaki angalau mm 4 kila upande. Baiskeli za zamani zenye breki za rimu mara nyingi zinaishia mm 25. Kumbuka pia kwamba tairi lililoandikwa 28 likikaa kwenye rimu pana linaweza kupimika 29 au 30.

Kufunga: jaza tyubu pumzi kidogo tu ipate umbo. Ingiza upande mmoja wa tairi kwenye rimu, mshale wa mwelekeo ukielekea mbele, na jina la tairi likae pale pale ilipo valvu (siku ya pancha utatafuta msumari haraka ukishajua tundu la tyubu liko wapi kutoka kwenye valvu). Weka tyubu, kisha funga upande wa pili ukianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu yenyewe. Pale mwisho panapogoma, usikimbilie kijiti. Zungusha mikono kuzunguka gurudumu lote ukisukuma kingo za tairi ziingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu, hapo ndipo duara ni dogo na tairi linalegea. Likishaingia, sukuma valvu juu kidogo kisha uivute, tyubu isibanwe chini ya ukingo. Kagua pande zote mbili kabla ya kujaza.

Upepo: namba iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, haina maana ujaze mpaka hapo. Mtu wa kilo 70 kwenye mm 28 aanze na psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 65 hadi 70 mbele, 70 hadi 75 nyuma, kisha apunguze au kuongeza kidogo kidogo kulingana na barabara. Ukiwa na rimu zisizo na ndoano kwenye kingo, kikomo ni bar 5, yaani psi 72 hivi, na tairi lazima liwe limeidhinishwa kwa rimu hizo. Hilo usilifanyie majaribio.

Hatua ya 4: Breki

Badilisha pedi. Kwa breki za rimu, chukua zile ambazo mpira unachomolewa na kishikizi kinabaki, na uzipange zigonge rimu peke yake. Pedi inayogusa tairi italitoboa, na inayoteleza chini itanasa kwenye spoki. Rimu za kaboni zina pedi zake maalumu.

Kwa breki za diski, pedi mpya zinahitaji kuzoezwa: tafuta barabara tupu, kimbia kasi ya wastani, shika breki kwa nguvu mpaka ukaribie kusimama, achia kabla gurudumu halijagota, rudia kama mara 20. Usiguse diski kwa vidole vyenye mafuta, wala usipulize kilainishi cha cheni karibu nayo.

Waya ukikwaruza ndani ya kava, badilisha vyote viwili. Kava la breki na kava la gia hayabadilishani. La gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na nguvu ya breki inaweza kulipasua wakati unapolihitaji kuliko wakati wowote.

Hatua ya 5: Pedali

Kwa anayeanza napendekeza za kunasa kiatu, zenye klipu (kibati cha chini ya kiatu) ya boliti mbili, kama SPD ya Shimano, ingawa waendesha mbio watakucheka kidogo. Nyingi unaingia pande zote mbili, na kiatu chake kinatembeleka. Za boliti tatu zina eneo kubwa la kukanyagia, lakini kutembea nazo kwenye vigae ni kutafuta kuanguka.

Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Njia ya kutosahau: spana ikiwa imesimama juu ya ekseli ya pedali, ukiisukuma kuelekea mbele ya baiskeli unakaza, kuelekea nyuma unalegeza, pande zote mbili. Paka grisi kwanza na uanze kwa vidole, maana nyuzi za kranki ya alumini zikiharibika umenunua kranki.

Legeza skrubu ya springi mpaka mwisho wake wa chini, kisha shikilia ukuta na ufanye mazoezi ya kutoa kisigino nje kabla ya kuingia barabarani.

Hatua ya 6: Gia za milimani

Kama kila mlima unakulazimu kusimama juu ya pedali, tatizo huenda ni kaseti (seti ya sahani za meno kwenye gurudumu la nyuma) wala si miguu. Tuseme sahani ndogo ya mbele ina meno 34 na sahani kubwa ya nyuma ina 28. Kwa tairi la mm 28, mzunguko mmoja wa kranki unakusogeza mita 2.59. Weka kaseti ya 11 hadi 32, unasogea mita 2.26. Ukifika 34, ni mita 2.13. Namba zinaonekana ndogo, ila kwenye mwinuko wa asilimia 10 ndizo zinazoamua kama utaendelea kukanyaga au utashuka usukume.

Kabla hujanunua, angalia mambo mawili kwenye kibadilisha gia cha nyuma: sahani kubwa ya nyuma kinayoiruhusu, na uwezo wake wa jumla. Uwezo huo unahesabika hivi: tofauti ya meno ya mbele jumlisha tofauti ya nyuma. Kwa 50 na 34 mbele, 11 na 32 nyuma, ni 16 jumlisha 21, yaani 37. Kikiwa na uwezo wa 33, hakitoshi. Idadi ya gia nayo ibaki ileile. Kaseti ya gia 11 haiongozwi na vishikio vya gia 8.

Cheni fupi mno huvunja kibadilisha gia. Izungushe kwenye sahani kubwa ya mbele na sahani kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, pale inapokutana ongeza viungo viwili, ndipo ukate. Kifungio cha kaseti hukazwa kwa Nm 40, ambayo ni nguvu kubwa kuliko mkono wako unavyodhani.

Wakati uko hapo, pima na cheni ya sasa. Viungo 24 vya cheni mpya ni mm 304.8. Ikizidi kwa mm 1.5, iondoe kama gia zako ni 11 au 12. Kwa gia 8 hadi 10 unaweza kuvumilia mpaka mm 2.3. Ukichelewa, inaondoka na kaseti.

Hatua ya 7: Magurudumu, kama bado unayataka

Hesabu kwanza. Wewe na baiskeli mna kilo 80. Magurudumu mapya yakipunguza kilo nzima, kwenye mlima wa dakika 30 umeokoa sekunde 22 hivi. Hata baiskeli za mashindano ya UCI (shirikisho la kimataifa la baiskeli) haziruhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8. Kwenye tambarare adui ni hewa, na nguvu ya kuishinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kutoka kilomita 30 hadi 36 kwa saa unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 73 dhidi ya hewa peke yake. Sehemu kubwa ya ukinzani huo ni mwili wako, kwa hiyo jezi isiyopepea na viwiko vilivyokunjwa vinatangulia rimu zenye ubavu mrefu.

Ukiamua kununua, linganisha aina ya breki, ekseli (za diski mara nyingi ni 12 kwa 100 mbele, 12 kwa 142 nyuma), jinsi diski inavyofungwa, na kipande cha habu kinachobeba kaseti, kwa kuwa cha Shimano hakipokei kaseti za kampuni ya SRAM za mfumo wa XDR. Ukishafunga, rekebisha gia upya na usogeze breki, kwa sababu kaseti na rimu hazikai palepale kama kwenye magurudumu ya awali. Baada ya safari chache za mwanzo, minya spoki mbilimbili kwa mkono kuzunguka gurudumu. Iliyolegea kuliko wenzake utaihisi mara moja, na hiyo mpelekee fundi kabla rimu haijapinda. Magurudumu ya zamani yaweke, yavike matairi yaleyale uliyoyatoa, uyatumie kipindi cha mvua.