Wikendi Tulivu Huanza Alhamisi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Jumamosi moja niliamka na mipango mizuri. Maharage yangechemka taratibu jikoni, na mimi ningekuwa mezani namalizia rafu ndogo ya vitabu niliyoianza mwezi uliotangulia. Ilipofika saa nne asubuhi nikagundua kwamba maharage hayajalowekwa, nyama imeganda kama jiwe, na gundi ya mbao imekaukia ndani ya chupa. Nikatoka mbio kutafuta gundi, nikarudi, nikawasha jiko, gesi ikazima. Jioni nilikuwa hoi kuliko siku ya kazi, na rafu bado iko vipande vipande.

Siku ile sikuwa mvivu hata kidogo, nilihangaika tangu asubuhi. Kosa langu lilikuwa kuchanganya kazi za mikono na kazi za saa. Kazi ya mikono inakutaka wewe mwenyewe: kukata vitunguu, kupiga msasa, kusimama kwenye foleni. Kazi ya saa inataka uianzishe tu, kisha uiache iendelee bila wewe: kuloweka, kuyeyusha, kuumua, kukausha. Ukiziacha za saa zote zije kuanza Jumamosi asubuhi, siku yako inakuwa ya kusubiri huku na kukimbia kule. Tangu hapo, maandalizi yangu ya wikendi ni swali moja: kitu gani kinahitaji muda ambao siwezi kuuharakisha?

Jikoni ndiko kazi za saa zilikojaa. Maharage makavu yanataka saa 8 hadi 12 ndani ya maji, na maji yawe kama mara tatu ya ujazo wake, kwa kuwa yanavimba na kupanda. Nyumba ikiwa na joto, bakuli liingie kwenye friji yasije yakachacha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Maharage mekundu yana sababu nyingine zaidi ya kulainika: yana sumu ya asili, protini ya aina ya lektini, ambayo huharibiwa na mchemko mkali wa angalau dakika 10. Moto wa polepole peke yake, kama ule wa sufuria za umeme za kupikia kwa saa nyingi, hauiharibu. Punje 4 au 5 ambazo hazijaiva zinatosha kumtapisha mtu. Kwa hiyo kwanza yachemke kwa nguvu, baadaye ndipo upunguze moto na kwenda zako kwenye mambo mengine.

Nyama iliyoganda nayo ina saa zake. Itoe friza uihamishie rafu ya chini ya friji, ndani ya sahani yenye ukingo ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kipande cha kilo 2 huchukua takriban siku nzima kuyeyuka hivyo. Ndiyo maana nasema Alhamisi: kipande kikubwa cha kupikwa Jumamosi asubuhi, ukikitoa Ijumaa usiku utakikuta katikati bado ni barafu. Ukisahau, kifunge vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji, ukizamishe kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila baada ya nusu saa. Nusu kilo itayeyuka kwa muda wa saa moja hivi, na ipikwe papo hapo. Usiiache mezani mchana kutwa. Nje inapashika joto, ndani bado imeganda, na kati ya nyuzi joto 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaliana haraka.

Mkate ndio ninaoupenda kuliko yote, sababu unafanya kazi nikiwa nimelala. Kanda unga Ijumaa jioni kwa hamira kidogo kuliko kawaida, funika bakuli, weka kwenye friji. Baridi haiuui hamira, inaipunguzia mwendo tu, na mwendo huo wa polepole ndio unaoupa mkate ladha. Asubuhi litoe donge, lipe umbo, liache lirudi kwenye joto la chumba na kuumuka tena kabla ya kulioka. Mtu atakayeonja atadhani uliamka saa kumi alfajiri.

Halafu soma mapishi mpaka mwisho. Najua, kila mtu husema hivyo na hakuna anayefanya. Lakini waandishi wa mapishi wana tabia ya kuficha maneno "acha usiku kucha" kwenye hatua ya sita, ukiwa tayari umeshakata kila kitu. Na kwa wikendi ya kupumzika, pika chakula kipya kimoja tu. Vingine viwe vile ambavyo mikono yako inavijua bila kuuliza. Vyakula viwili vipya siku moja ni mtihani, hata kama umejipa mwenyewe.

Vitu vidogo vya kukagua Ijumaa: kisu na gesi. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa kuwa unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Dakika tano za kukinoa zinatosha. Kama mtungi wako hauna kipimo, mwagia ubavuni maji ya moto, yasiwe ya kuchemka, kisha upapase kutoka juu kwenda chini. Pale unapohisi ubaridi umeanza ndipo gesi ilipoishia. Na ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Mapovu yakitoka, gesi inavuja, funga usiwashe.

Friji nayo ihesabiwe kama chombo cha kazi. Ukipika kwa siku mbili utabaki na viporo, na viporo vinahitaji nafasi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vyenye kina kifupi ili kipoe haraka, badala ya kuingiza sufuria nzima yenye moto. Viporo vingi hudumu siku 3 au 4 kwenye friji iliyo na nyuzi 4 au chini yake. Wali mimi huumaliza kesho yake, maana una bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko, na sumu wanayoiacha wali ukikaa nje haiondoki kwa kuupasha. Kwa hiyo Ijumaa nafungua friji, natupa cha kutupa, nafuta rafu. Si kazi ya kusifiwa, lakini Jumapili jioni unajishukuru.

Kwenye hobi, watu huandaa kidogo mno, kwa kuwa wanaamini kitu cha kufurahisha hakihitaji maandalizi. Kumbe huko ndiko saa zinakopotea. Gundi nyeupe ya mbao inataka kubanwa nusu saa hadi saa moja, na hufikia nguvu yake kamili baada ya kama saa 24. Ukiunganisha Ijumaa usiku, Jumamosi jioni unapiga msasa kwa raha. Ukiunganisha Jumamosi jioni, Jumapili yote unaitazama tu. Anayeshona atoe kitambaa kipya cha pamba kwenye furushi lake, akifue na kukikausha kabla hajakigusa kwa mkasi, kwani hunywea kwenye maji ya kwanza, na gauni lililokaa sawasawa Jumapili linaweza kubana Jumatano. Anayepiga gitaa asibadilishe nyuzi zote dakika tano kabla ya wageni: nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa na kupoteza sauti kila mara, kwa hiyo azifunge katikati ya wiki. Mwenye kamera achaji betri na kufuta picha za zamani. Mwenye michezo ya kompyuta aiwashe mashine Ijumaa ijisasishe yenyewe, la sivyo atakaa anatazama asilimia zikipanda.

Kama una meza, iache wazi na vifaa vimepangwa juu yake. Nimejichunguza: kitu kinachonizuia kuanza mara nyingi si uchovu, ni kule kuwaza kwamba kwanza niondoe makaratasi. Na chagua hobi moja. Nina rafiki ambaye kila wikendi hutoa rangi, nyuzi za kufuma na mbegu za bustani kwa pamoja, na Jumapili huzirudisha zote kabatini.

Mizunguko ndiyo hula wikendi kimyakimya. Kila mmoja ni "dakika kumi tu", na ikifika minne asubuhi imekwisha. Ifunge yote kwenye safari moja, isizidi mitatu, na ile inayoweza kufanywa kwa simu ifanywe Ijumaa mchana. Kabla ya kutoka hakikisha saa za kufungua na kufunga, kwa kuwa ofisi nyingi hazifuati ratiba ileile siku za mapumziko. Weka kwenye mfuko mmoja kitambulisho, risiti, nakala, kitu cha kurudisha dukani. Hakuna mzunguko mrefu kama ule wa kurudia kwa sababu ya karatasi moja.

Mpangilio wa vituo una maana yake. Panapofungwa mapema ndipo pa kuanzia. Vyakula vibichi na vya kuganda viwe vya mwisho, kisha nyumbani moja kwa moja. Zile saa mbili za usalama zinahesabiwa hata ndani ya gari, na joto likizidi nyuzi 32 hubaki saa moja tu. Ukiwa na gari, upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla hujaenda mbali, kwani matairi yakishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Orodha ya manunuzi iandikwe ukiwa umesimama mbele ya kabati lililo wazi. Orodha ya kichwani ndiyo iliyonifanya niwe na pakiti tatu za chumvi na bila hamira.

Kama huishi peke yako, waambie wenzako Alhamisi unachotaka kufanya, uulize na wao wana nini. Migogoro mingi ya Jumamosi ni watu wawili wanaohitaji meza moja.

Usingizi nao unaandaliwa. Mwaka 2006 mtafiti wa saa ya mwili Till Roenneberg na wenzake waliipa jina la uchovu wa safari wa kijamii ile tofauti kati ya saa za usingizi za siku za kazi na za mapumziko, kana kwamba mwili umevuka nchi kadhaa bila kupanda ndege. Ukikesha Ijumaa na kuamka saa sita mchana, Jumapili usiku utakodoa macho darini. Mimi hujiongezea saa moja tu asubuhi, na kama bado nina usingizi nalala kidogo mchana.

Jumapili mchana usiipangie chochote. Ukijikuta unaijaza, futa kitu cha Jumamosi badala yake.

Na weka akiba ya mlo mmoja wa dharura usiohitaji kuloweka wala kuyeyusha. Mimi hutegemea mayai, yanaiva ndani ya dakika chache na hayana lawama. Ile rafu niliimaliza wikendi iliyofuata: gundi ilipakwa Ijumaa baada ya chakula cha usiku, vibanio vikakaa mpaka asubuhi, na maharage yalikuwa majini tangu kabla sijazima taa.