Namna ya Kuandaa Andiko la Eneo la Urithi: Mfano wa Isimila, Iringa

Tanzania ina maeneo saba katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kuanzia Ngorongoro iliyoingizwa mwaka 1979 hadi michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006, na hakuna hata moja lililomo katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya wala Songwe. Mwalimu au kamati ya kijiji inayotaka kulisogeza eneo lake kuelekea huko haina budi kuelewa kwanza kwamba, kwa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, mwenye haki ya kupendekeza eneo ni nchi, si kijiji wala halmashauri. Kilicho mikononi mwenu ni kuandaa andiko ambalo maafisa wa malikale (mabaki na maeneo ya kale) wanaweza kulifanyia kazi.

Anzeni na sababu. Vipo vigezo kumi, sita vya utamaduni na vinne vya maliasili, na eneo linatakiwa kutimiza walau kimoja. Nguzo za udongo za Isimila, korongo lenye zana za kale za mawe karibu na Iringa mjini, zinapendeza sana kwenye picha, lakini kwa maoni yangu hoja yenye nguvu zaidi iko chini ya miguu ya mgeni: mashoka ya mkono na zana nyingine za mawe, ambazo timu ya mwanaakiolojia F. Clark Howell ilizichimbua mwaka 1957 na 1958.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kwa sababu andiko lazima lilinganishe eneo lenu na mengine ya aina yake. Msilinganishe Isimila na Kalenga kwa kuwa tu zote ziko karibu na Iringa mjini. Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, ni habari nyingine kabisa. Ilinganisheni Isimila na maeneo mengine ya zana za kale za mawe: na Olduvai, ambayo tayari imo ndani ya Ngorongoro, na Olorgesailie ya Kenya, na maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia, na Melka Kunture ya Ethiopia iliyoingizwa kwenye Orodha mwaka 2024. Elezeni Isimila inaonyesha nini ambacho hayo mengine hayaonyeshi. Mkikosa jibu, ni afadhali mjue mapema.

Kisha orodhesheni vilivyopo. Jiwe lililolala korongoni lisiinuliwe, kwa kuwa mahali lilipo ni sehemu ya ushahidi: wekeni rula pembeni yake, pigeni picha kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, andikeni namba, tarehe na majira ya nukta (namba za GPS za mahali hapo) yanayosomwa kwenye simu, kisha endeleeni. Kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hata kama mchimbaji ana nia njema.

Mipaka ndiyo inayowashinda wengi. Maji ya mvua yaliyochonga nguzo na kuzifunua zana ndiyo hayo hayo yanayozibomoa na kuzisomba, kwa hiyo ramani inayozunguka korongo peke yake haitoshi. Ionyeshe pia miteremko ambako maji yanatoka, na kanda ya kinga ambamo kilimo na ujenzi vitaendelea kwa masharti. Masharti hayo yajadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wenye mashamba wakiwepo, na muhtasari wenye sahihi uambatanishwe.

Andiko lipitie kwa afisa utamaduni wa wilaya, hadi wizara inayosimamia malikale. Likikubalika, eneo huwekwa kwanza kwenye orodha ya awali ya nchi kwa mwaka mmoja au zaidi, halafu nchi hupeleka pendekezo kamili UNESCO, Paris, kabla ya tarehe 1 Februari. Uchunguzi wa ICOMOS (baraza la kimataifa la wataalamu wa maeneo ya kale), au IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) kwa maliasili, pamoja na uamuzi wa Kamati ya Urithi wa Dunia huchukua mwaka na nusu hivi.

Ongezeni ukurasa mmoja wa usimamizi: nani analinda, nani anazibua mitaro kabla ya masika, fedha zinatoka wapi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, na Pori la Akiba la Selous likaingia humo mwaka huohuo wa 2014 kwa sababu ya ujangili. Wakaguzi watauliza pia kuhusu ulinzi. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, maana ramani ile itatakiwa hata siku ya mgogoro wa shamba.